Nyaya Nane za Mwana wa Fundi Makufuli

Inchi 2, 4, 6, 10, 18, 34, 66 na 130. Huo ndio urefu wa nyaya nane za shaba, zote za unene mmoja, alizozikata mwalimu mmoja wa sekondari mjini Köln, kando ya mto Rhine, kwa majaribio aliyoyafanya Januari 1826. Toa 2 kwenye kila namba uone kinachobaki: sifuri, kisha 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Nyongeza ya kila waya ni maradufu ya nyongeza ya uliotangulia. Mwingine angekata kwa hatua sawa, inchi kumi, ishirini, thelathini, akajiona mtu wa utaratibu. Huyu alishang'amua kwamba inchi mbili ukiziongeza kwenye waya mfupi zinaleta mabadiliko makubwa, na ukiziongeza kwenye waya mrefu hazisikiki. Kwa hiyo akapanga vipimo visongamane pale mambo yanapobadilika haraka, vitawanyike pale yanapokwenda taratibu. Ukiniuliza mimi, sehemu kubwa ya kazi ilikwisha pale koleo lilipokata waya wa nane, kabla hajapima chochote.

Georg Simon Ohm alizaliwa Erlangen, katika Bavaria ya leo, mwaka 1789. Baba yake alikuwa fundi makufuli aliyejifundisha hisabati mwenyewe, akawafundisha na wanawe nyumbani. Mmoja wao, Martin, akawa mwanahisabati. Mwingine ni huyu. Siku hizi anatajwa kwa kanuni tu: volti ugawe kwa ampea upate omu. Kanuni hiyo mtoto wa kidato cha pili anaikariri jioni moja. Anachorewa pembetatu yenye herufi tatu, anafunika kwa kidole gumba ile anayoitafuta, basi, jibu limepatikana. Sina ugomvi na pembetatu, ila inaficha jambo. Kugawanya namba mbili hakujawahi kuwa ufundi. Ufundi ni kuzipata namba mbili zinazostahili kugawanywa: zilizopimwa sehemu moja, wakati mmoja, kitu kikiwa katika hali moja. Asiyelijali hilo atapata jibu lenye desimali nne, na lote ni uongo.

Hebu fikiri Ohm alikuwa na nini mezani. Volti haikuwapo, ampea haikuwapo, na mita ya kuusoma umeme kwa vipimo kama hivyo haikuwapo. Alessandro Volta alikuwa ametangaza betri yake ya kwanza mwaka 1800, na mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark alikuwa ameonyesha kwamba waya unaopita umeme huisukuma sindano ya sumaku iliyo karibu nao. Basi. Kila aliyechezea betri alijua kuwa waya mrefu hupitisha umeme kidogo kuliko mfupi. Kwa kiasi gani, hapakuwa na kanuni iliyokubalika.

Kwa kweli alikuwapo mmoja aliyekaribia sana. Henry Cavendish, tajiri mpweke wa London, alikuwa amelinganisha upitishaji wa maji ya chumvi katika mirija ya kioo miaka zaidi ya arobaini kabla, na mita yake ilikuwa mwili wake mwenyewe. Alijipiga shoti kupitia mrija mmoja, kisha kupitia mwingine, akalinganisha ukali aliousikia mikononi. Cha kushangaza ni jinsi alivyopata majibu mazuri kwa njia hiyo. Lakini hakuyachapisha; yalikaa kwenye karatasi zake mpaka James Clerk Maxwell alipoyatoa kitabuni mwaka 1879. Ohm asingeweza kuyajua.

Jaribio lake la kwanza, la mwaka 1825, lilikwenda kombo. Alitumia betri za aina ya Volta, na betri zile zilikuwa na tabia mbaya: ukizifunga kwenye waya, nguvu yake inaanza kushuka papo hapo, ukizifungua zikapumzika, inapanda tena. Sasa unapimaje waya, ilhali unayemtegemea akusukumie umeme anabadilika kila unapogeuza shingo? Ohm alipata mfululizo wa namba, akazitafutia kanuni, akapata moja yenye logarithimu ndani yake, akaichapisha. Haikuwa sahihi. Hisabati yake haikuwa na kasoro. Namba alizoipa ndizo zilizokuwa zikipanda na kushuka.

Ushauri ulitoka kwa Johann Christian Poggendorff, mhariri wa jarida la Annalen der Physik: achana na betri, tumia umeme wa joto. Mwaka 1821 Thomas Seebeck alikuwa amegundua kwamba ukiunganisha metali mbili tofauti, kisha kiungo kimoja kikawa cha moto na kingine cha baridi, sumaku iliyo karibu inageuka, umeme unapita. Ni umeme kidogo mno, ila una sifa moja inayozidi ukubwa: ukishikilia tofauti ya joto isibadilike, nao haubadiliki.

Ohm akachukua kipande cha bismathi, akakiunganisha na shaba pande mbili. Kiungo kimoja akakitumbukiza kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu inayoyeyuka. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Maji yanayochemka hayazidi nyuzijoto 100 hata ukiongeza moto. Moto wa ziada unaishia kwenye mvuke. Barafu inayoyeyuka haitoki kwenye sifuri maadamu bado kuna kipande kinachoelea. Hakuhitaji mtambo wa kudhibiti chochote. Alipata chanzo kinachojishikilia chenyewe kutoka kwa vitu viwili ambavyo jikoni na majira ya baridi ya Köln vilimpa bure.

Kusoma nako kulihitaji akili. Sindano ya sumaku aliining'iniza kwa utepe mwembamba wa metali juu ya kondakta. Umeme ukipita, sindano inageuka. Wengi wangesoma imegeuka kiasi gani, wakaandika. Lakini sindano ikishageuka iko mahali pengine kuhusiana na kondakta, na msukumo unaoipata pale si ule uliokuwa mwanzo, kwa hiyo kugeuka mara mbili hakumaanishi umeme mara mbili. Ohm alifanya kinyume. Alisokota utepe kutoka juu mpaka sindano ikarudi palepale ilipokuwa kabla ya umeme, kisha akasoma amesokota kiasi gani. Sindano yenyewe kila mara inapimwa ikiwa mahali pale pale, ikitazama upande ule ule. Kinachobadilika ni msokoto peke yake, na msokoto wa utepe unajulikana: ukiusokota maradufu, unavuta maradufu. Alihesabu kwa sehemu za mia za mzunguko mmoja. Ncha za waya uliokuwa ukipimwa alizitia kwenye vikombe vya zebaki, ili waya utoke na mwingine uingie bila kukaza skrubu ambayo leo imekaza sana na kesho kidogo.

Tarehe 8 Januari alisoma hivi, kuanzia waya mfupi hadi mrefu: 326¾, 300¾, 277¾, 238¼, 190¾, 134½, 83¼, 48½. Zinapungua, lakini si kwa mpango unaoonekana kwa macho. Waya wa inchi 4 ni mara mbili ya ule wa 2, na umeme haukupungua nusu. Ulipungua kidogo tu. Ohm aliona kwamba namba zote nane zinatii sentensi moja: chukua 7285, gawa kwa urefu wa waya uliojumlishwa na 20¼. Jaribu mwenyewe. Waya wa inchi 130: 7285 gawa kwa 150¼, unapata 48½ kasoro chembe. Waya wa inchi 34: unapata 134.3, naye alisoma 134½. Mbaya kuliko zote ni ule wa inchi 66, unaokosea kwa sehemu moja na nusu tu katika mia. Na hiyo ni sindano inayoning'inia kwenye utepe, mvuke umejaa chumbani na barafu inaisha.

Ile 20¼ ndiyo inayosumbua. Waya wa inchi 20 na robo uko wapi? Haupo. Ni ukinzani wa mtambo wenyewe, yaani bismathi, viungo na shaba iliyobaki, ukihesabiwa kana kwamba ni waya. Umeme hauwezi kuuzunguka mtambo unaouzalisha. Lazima upite ndani yake pia. Kuthibitisha, Ohm alirudia bila maji ya moto: kiungo kimoja kwenye barafu, kingine kimeachwa kwenye hewa ya chumba, nyuzi 7½ za kipimo cha Réaumur, kama 9 za Selsiasi. (Chumba cha nyuzi 9, na mtu anasokota utepe kwa vidole.) Nguvu ilishuka chini ya sehemu ya kumi ya mwanzo, na ile 7285 ikashuka nayo, lakini 20¼ ikabaki palepale. Moja ilikuwa msukumo wa chanzo, nyingine ukinzani wa njia, na sasa vilikuwa vimetenganishwa.

Kitabu chake juu ya hayo alikitoa Berlin mwaka 1827. Wasomi wengi wa Ujerumani hawakukijali, naye akaacha kazi ya Köln na kuishi miaka kadhaa kwa tabu. Mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa nishani ya Copley, na mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa umeme mjini Paris ukalifanya jina lake kuwa kipimo, pamoja na la Volta na la André-Marie Ampère. Alikuwa amefariki tangu 1854.

Watu hudhani ufundi wa namna hiyo uliisha mita zilipoanza kuuzwa madukani. Haukuisha. Chukua mfano: mama mwenye mgahawa wa chai anamwita fundi wa mtaani. Fundi anaingia na mkoba wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hili birika nimelinunua juzi tu, tayari linachelewa kuchemka, na plagi inanuka. Wameniuzia feki."

"Tusilihukumu bado, mama. Jaza maji, liwashe."

Hapo kwenye "liwashe" ndipo unapomtofautisha fundi na mbabaishaji. Mbabaishaji angelichomoa birika, akaweka mita kwenye omu, akagusa miguu miwili ya plagi, akasoma 26 na kitu, akasema zima, akadai hela ya kupima. Na angekuwa sahihi kuhusu birika! Lakini mita ikiwa kwenye omu inatumia kibetri chake, inapitisha umeme mdogo kupindukia, na kiungo kilichooza kinaweza kuupitisha umeme huo mdogo bila kinyongo. Ugonjwa wake unatokea kazini, ampea nane zikipita. Mpagazi hapimwi afya akiwa amekaa.

Fundi ana kipande cha waya wa kuongezea alichokitengeneza mwenyewe: plagi upande huu, soketi upande ule, na katikati ganda la nje amelichana ili waya wa fezi utokeze peke yake. Sababu ni ile mita yenye mdomo wa kubana, ambayo mafundi wengi wanaiita klampu. Inasoma usumaku unaouzunguka waya, uvumbuzi ule ule wa Ørsted, bila kukata wala kufungua kitu. Ukiibania waya mzima inasoma sifuri, kwa kuwa umeme unaokwenda kwenye fezi na unaorudi kwenye nyutro unafutana. Lazima ubane mmoja tu. Wanaojifunza hushangaa sana klampu inapowaambia birika linalounguruma halitumii kitu.

Birika linachemka. Klampu inasoma ampea 8.4. Kwenye soketi ya kile kipande, volti 221. Fundi anagawanya kichwani: omu 26 na kidogo. Anageuza birika chini na kusoma kibandiko, volti 230, wati 2000. Birika la wati 2000 linatakiwa liwe na ampea 8.7 kwenye volti 230, maana yake omu 26.45. Zinakubaliana. Anazidisha 221 kwa 8.4: wati 1,856 hivi, pungufu ya zile alizoahidiwa mama.

"Birika lako halina shida, mama. Umeme haulifikii wote."

Anakwenda kwenye meni swichi, birika likiwa bado linafanya kazi. Volti 230. Basi volti 9 zimepotelea njiani, na njia ina sehemu mbili: waya uliomo ukutani na soketi yenyewe. Anazima, anafungua uso wa soketi, anawasha tena, na kwa uangalifu wa mtu anayejua umeme wa nyumbani hausamehi, anagusisha ncha moja ya mita kwenye skrubu ya fezi nyuma ya soketi na nyingine kwenye fezi ya kipande chake. Katikati ya ncha hizo mbili hakuna kitu isipokuwa skrubu, ulimi wa soketi na mguu wa plagi. Mita ilipaswa kusoma chini hata ya robo ya volti. Inasoma 4.

Volti 4 gawa kwa ampea 8.4 ni kama nusu omu. Volti 4 zidisha kwa ampea 8.4 ni wati 34 hivi. Kwenye LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, wati 34 ni kitu kidogo. Ingebidi birika lichemke karibu saa 30 mfululizo ndipo soketi imalize uniti moja. Lakini kile chuma cha moto anachoyeyushia risasi fundi redio, mara nyingi kina wati 30 hadi 40. Ndani ya ukuta wa mgahawa, nyuma ya plastiki, mmewashwa chuma cha namna hiyo kila chai inapopikwa. Ndiyo harufu aliyoisikia mama.

Anayestahili kutajwa hapa ni James Prescott Joule, mtoto wa mtengeneza bia wa Salford, karibu na Manchester. Akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo alizungusha waya kwenye mrija wa kioo, akauzamisha katika mtungi wa maji, akapitisha umeme na kusoma kipimajoto. Mwaka 1841, mwaka ule ule wa nishani ya Ohm, alichapisha alichokiona: joto linakwenda na ukinzani, na linakwenda na mraba wa umeme unaopita. Huo mraba ndio unaounguza nyumba. Kiungo chenye nusu omu kikipitisha nusu ampea ya televisheni ndogo kinatoa moja ya nane ya wati, hakuna atakayejua. Chomeka birika pale pale, umeme unakuwa mara 17, na joto linakuwa mara 280 na zaidi. Soketi iliyokaa miaka mitano bila lawama inayeyuka wiki ya kwanza ya birika jipya, na birika ndilo linalotukanwa.

Zimebaki volti 5. Hapa fundi anafanya jambo ambalo mimi naliona zuri kuliko yote. Anafuata njia ya waya kwa macho, anapima kwa hatua kutoka meni swichi hadi soketi: mita 25 hivi. Umeme unakwenda na kurudi, basi ni mita 50 za waya. Volti 5 gawa kwa 8.4 ni omu 0.6. Sasa shaba ina tabia inayojulikana: mita moja ya waya wa milimita za mraba moja na nusu ina kama omu 0.0115, na ya mbili na nusu ina kama 0.0069. Mita 50 za mbili na nusu zingekuwa na omu 0.35. Mita 50 za moja na nusu zina 0.57. Bila kuchimba ukuta, ameshaujua unene wa waya uliomo ndani.

"Aliyekufungia nyumba alivuta waya wa taa kwenye soketi, mama. Moja na nusu, badala ya mbili na nusu."

"Umeuona wapi?"

"Sijauona."

Soketi anaibadilisha siku hiyo hiyo. Waya wa ukutani unasubiri mama ajipange, na kwa sasa ampea 8 unazimudu. Asiuongezee jiko tu. Birika linapochemka tena soketi inasoma volti 225, na birika linapata wati 1,900 na kitu.

Kuna mahali ambapo hesabu hii inapaswa kuachwa, na fundi mzuri hujulikana pia kwa kuacha. Balbu ya zamani ya waya, ya wati 60, ikiwaka ina omu 880 hivi. Ikizimwa ikapoa, mita inasoma sitini hadi sabini. Zote mbili ni kweli, kila moja kwa wakati wake, na ndiyo maana balbu hizo hupenda kufa pale unapobonyeza swichi: kwa kitambo kifupi umeme mwingi mno unapita kwenye waya uliopoa. Feni nayo ukigawanya volti zake kwa ampea zake hupati ukinzani wa koili, kwa sababu mota inayozunguka inasukuma umeme kwa kinyume. Na ukizizidisha unapata namba iliyo kubwa kuliko wati ambazo LUKU inahesabu. Anayesuka mota anajua hilo. Yeye koili zake anazipima mota ikiwa imesimama, na kwenye mota ya fezi tatu haangalii namba yenyewe sana. Anachotaka ni zote tatu zilingane. Moja ikipungua, kuna mizunguko imegusana.

Na ile 20¼ ya Ohm iko hai kwenye kila betri. Betri ya gari ikiwa imetulia inasoma volti 12.6, mwenye gari anafurahi. Fundi anamwambia apige stata huku mita ikiwa palepale: volti 10.2, ampea 120. Volti 2.4 zimepotelea ndani ya betri; gawa, unapata omu 0.02. Ni ndogo hata mita ya kawaida isingeiona ukiiweka kwenye omu, lakini kwa betri ya gari ni dalili ya uzee. Wenye betri za sola wanaouziwa mitumba wangeokoa fedha nyingi kama wangekataa kununua betri iliyopimwa bila mzigo.

Hesabu ya wati unaweza kuifanya wewe mwenyewe leo bila kugusa waya wowote. Kwenye uso wa mita ya LUKU kuna kitaa kinachopepesa, na karibu nacho pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh, au 1600. Ndiyo idadi ya kupepesa kwa kila uniti. Zima vitu vyote vya nyumbani, washa birika peke yake, hesabu mapepeso ya dakika moja, zidisha kwa 60, gawa kwa namba iliyoandikwa: umepata kilowati. Mapepeso 32 kwenye mita ya 1000 ni kilowati 1.92. Gawa wati hizo kwa volti 230 upate ampea. Usitumie pasi kwa jaribio hili, kwani hujizima na kujiwasha yenyewe katikati ya hesabu. Kisha maji yakishachemka, zima, chomoa, na uguse plagi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa ni ya moto, usilinunulie nyumba birika jingine. Mwite fundi mwenye leseni, na akianza kupima birika likiwa limezimwa, mwambie aliwashe.